Vitenzi Vilivyorudisha Posa

Cherehani ya mama mdogo Zaina ilikuwa na sauti tatu, na nilizitambua zote kabla sijakariri jedwali la saba. Sauti ya mapazia ilikuwa ndefu, inakwenda tu, haina haraka wala kituo. Sauti ya sare za shule ilikuwa fupi fupi kwa sababu ya marinda: anakanyaga, anasimama, anakunja, anakanyaga tena. Ya tatu ilisikika Ijumaa peke yake, na hiyo haikuwa ya nguo yoyote. Mguu ulikanyaga, gurudumu lilizunguka, sindano ilipanda na kushuka, lakini ukichungulia unakuta haina uzi. Mama mdogo alikuwa anashona hewa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilidhani ndivyo mashine zinavyolainishwa. Ijumaa ndiyo siku ambayo Rashidi wa Kibamba alipita nyumbani kwetu Tandika kuuza uzi, vifungo na zipu.

Nyumba ilikuwa ya Bibi, mama yake mama yangu. Vyumba vinne alipangisha, viwili tulikaa sisi watatu: yeye, mama mdogo Zaina ambaye ni kitinda mimba wake, na mimi. Wazazi wangu walikuwa Lindi, baba akifanya kazi huko, nami nikaachwa Dar nisome. Watu wakinihurumia kwa hilo nilikuwa nawashangaa, maana sikuona nimepungukiwa nini. Nililala kitanda kimoja na mama mdogo. Ndiye aliyenisuka nywele kila Jumapili, akinigonga kitana kichwani nikijitikisa. Ndiye aliyenishonea sare yenye mfuko wa siri wa kuficha ubuyu. Ndiye aliyejua kwamba naogopa radi na hakumwambia mtu. Nilimpenda mpaka nilikuwa nawachukia wateja wake. Masika ya mwaka huo, ambayo ndiyo nataka kuyasimulia, mvua ilinyesha mpaka vyura wakahamia uwani, na mimi niliomba isikatike. Mvua ikinyesha wateja hawaji, na mama mdogo ni wangu.

Huyo Rashidi alikuwa na tabia moja ambayo mtu mwenye akili angeishtukia mapema. Wauza zipu wengine walifungia bidhaa zao mfuko wa nailoni au karatasi ya daftari kuukuu. Yeye alifungia gazeti, tena gazeti la wiki hiyo hiyo, tena ukurasa ule ule kila Ijumaa: ukurasa wa hadithi ya mfululizo, umekunjwa vizuri, hauna hata tone la mvua. Bibi alipoambiwa alitikisa kichwa akasema mwanamume anayefungia zipu gazeti jipya hauzi zipu. Sikuelewa na sikujali. Nilichojali ni kwamba tumepata hadithi. Bibi alikuwa mtu wa hadithi kuliko wa chakula, lakini macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho; aliona mwanga na vivuli, basi. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya alasiri alitandika mkeka uwani, akaita, "Mke mwenza, njoo nisomee," maana ndivyo alivyoniita kwa utani wa bibi na mjukuu, nami nikaja na gazeti langu linalonuka zipu mpya.

Hadithi ilimhusu muuguzi aitwaye Rehema, na mwandishi wake, Mungu amsamehe, alikuwa mvivu. Kila mtu mle ndani alihuzunika sana au alifurahi sana. Siku ya kwanza niliposoma kwamba Rehema alihuzunika sana, Bibi alininyooshea kiganja kama trafiki.

"Nani kamwona akihuzunika?"

"Imeandikwa, Bibi."

"Kuandikwa si kuonekana. Mie sina macho, mke mwenza. Ukiniambia kahuzunika hujaniambia kitu. Kafanya nini? Kakaa? Kajibwaga? Kajikunyata? Kila mmoja hapo na huzuni yake."

"Imeandikwa aliketi."

"Basi huyo hana huzuni. Huyo kachoka miguu."

Mama mdogo alicheka mpaka akaacha kushona. Wiki iliyofuata nikafanya jaribio. Pale mwandishi alipoandika kwamba Rehema aliketi kitandani, mimi nikasoma kwamba alijibwaga kitandani. Bibi akashika kifua. "Masikini mwanangu Rehema," akasema, na chozi likamlengalenga, chozi la kweli, kwa ajili ya neno ambalo nimelitoa kichwani mwangu dakika ile ile. Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Mtoto wa darasa la tano, ambaye haruhusiwi hata kuchagua kama atakula maharage au mchicha, ghafla ana uwezo wa kumliza mtu mzima kwa kubadilisha jinsi muuguzi anavyokaa. Nilipandwa na kichwa, na sikushuka kwa muda mrefu.

Aliyeumia zaidi na kichwa changu ni Daktari Sudi. Alikuwa mtu mwema kabisa wa hadithi ile, anampenda Rehema kwa heshima zote, lakini maelezo yake yalikuwa marefu na yalinichosha. Basi nikamshughulikia. Mwandishi akiandika daktari aliingia wodini, mimi nasoma daktari alijipenyeza wodini. Akiandika alimtazama Rehema, nasoma alimkodolea Rehema. Alichukua faili: alikwapua faili. Alitabasamu: alikenua. Sikumwongezea tendo hata moja baya, yote yalikuwa yale yale aliyopewa na mwandishi, lakini baada ya Ijumaa tatu uwani kwetu hakuna aliyeweza kumvumilia. Mama Chausiku, mpangaji wetu aliyekuwa akikaanga vitumbua, alihamishia jiko lake karibu na mkeka ili asipitwe, na kila daktari alipokenua alipiga ukingo wa kikaangio kwa kijiti na kusema, "Mshenzi huyo! Mwangalie!" Halafu mwandishi, ambaye hakuwa na habari na yaliyokuwa yakitendeka Tandika, akamwozesha Rehema kwa Daktari Sudi. Hapakukalika. Mama Chausiku alitaka tuandike barua gazetini. Bibi alisema mwandishi huyo ama ni mgonjwa ama amehongwa na madaktari. Mimi nilikunja gazeti taratibu nikaenda zangu kuoga, nikijua fika kwamba ndoa ile ilikuwa ndoa njema na aliyeichafua ni mimi.

Yote hayo yangebaki mchezo kama isingekuwa Jumamosi moja mwishoni mwa masika. Siku hiyo alikuja mshenga wa Rashidi, Mzee Mbwana, pamoja na wazee wengine wawili wenye kanzu, na barua ya posa imefungwa ndani ya kitambaa cheupe cha mkono. Mjomba Hamadi, kaka mkubwa wa mama mdogo, alikuwa ameitwa kutoka Buza kuja kuwapokea, kwa kuwa babu alikwisha kufariki. Wanaume walikaa barazani, viatu vyao vimepangwa mlangoni, mvua inanong'ona kwenye bati. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya zipu. Nilikaa kwenye korido kama mtu aliyemwagiwa maji, nikihesabu Ijumaa zote nilizopokea gazeti lile kwa mikono miwili na kusema asante.

Kwetu sisi wa pwani, wakati ule, binti mwenye haya hakuulizwa posa akajibu "nataka." Angesema hivyo watu wangemzungumza mwaka mzima. Aliulizwa, akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikuwa jibu. Lakini kuna kunyamaza kwa aliyeridhika na kunyamaza kwa aliyekabwa koo, kwa hiyo ilibidi mwanamke mzima aingie chumbani, amwulize binti, amtazame anavyonyamaza, kisha atoke awaeleze wanaume alichokiona. Kwa miaka mingi mtaani kwetu kazi hiyo ilikuwa ya Bibi. Alishatazama mabinti wa watu hata hawahesabiki. Sasa imefika zamu ya binti yake mwenyewe na macho hayapo.

"Aingie Mama Chausiku," mjomba akasema.

"Mama Chausiku mdomo wake haufungi. Nitaingia mie na macho yangu," Bibi akajibu, akanishika bega. "Macho yangu ni haya."

"Mama! Mtoto huyu?"

"Mtoto huyu anasoma gazeti zima kila wiki. Wewe unasoma nini?"

Mjomba akatazama dari. Tukaingia. Mama mdogo alikuwa kwenye cherehani, amevaa gauni la bluu ambalo hakuwahi kulivaa kazini, na mashine ilikuwa ikilia ile sauti ya tatu. Bibi akasimama katikati ya chumba, akasema kwa sauti ya shughuli, "Zaina, wamekuja watu wa Kibamba kwa ajili ya Rashidi. Tuwaambieje?" Mama mdogo alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Akatia mdomoni kipande cha uzi kilichokuwa begani kwake, akakiuma. Akajitanda kanga mpaka kwenye paji la uso. Akageukia ukutani. Mabega yakaanza kumcheza, na nilipochungulia kwa upande niliona anacheka, anacheka kabisa, kimya kimya, na chozi moja limemponyoka kwa furaha. Hata paka angejua jibu ni lipi.

Kutoka chumbani mpaka barazani ni hatua kumi na mbili. Nilizitembea nimemshika Bibi mkono, na katika hatua hizo nilifikiri Kibamba tu. Kwangu mimi Kibamba ilikuwa mwisho wa Dar. Baada ya hapo sikujua kama kuna watu. Nani atanisuka? Nani atalala upande wa ukutani radi ikipiga? Nilipofika mlangoni nilikuwa nimekwisha kuamua, na nilichoamua hakikuwa uongo. Hilo nataka lieleweke, nimelitetea miaka mingi. Sikuongeza tendo hata moja. Niliwaamkia wazee shikamoo, nikasimama wima kama shuleni, nikawaambia: "Aliikaba cherehani. Akasaga meno. Akajigubika kanga. Akatupa kisogo. Mabega yakamtetemeka, na machozi yakamchuruzika."

Bibi alinigeuzia uso wake, paji limekunjamana, kama anayesikia redio yenye mikwaruzo, lakini hakusema kitu. Angesema nini, wakati ndiye aliyenileta? Mjomba Hamadi alishusha pumzi. "Wazee wangu, mmesikia," akasema. "Sie hatumlazimishi mtu." Akakichukua kile kitambaa na barua yake ndani, haijafunguliwa, akakirudisha kwa mikono miwili, na kwetu kitambaa kikirudi hivyo hakuna la kuzungumza tena. Mzee Mbwana alisimama kwa kasi, akaaga kwa nusu ya salamu, akatumbukiza miguu katika viatu na kutokomea mvuani na wenzake. Mama Chausiku, aliyekuwa amejaza kifua hewa kwa ajili ya vigelegele nyuma ya pazia, ikabidi aitoe kwa kikohozi. Baadaye kidogo mjomba aliondoka akilalamika kwamba kandambili yake ya kushoto imekuwa ndogo ghafla.

Nilisubiri mama mdogo ajibwage. Nilisubiri ajikunyate, abubujikwe, ajitupe. Vitenzi vyangu vilikuwa tayari, na nilikuwa nimepanga kumbembeleza na kuwa mtoto mzuri sana. Hakufanya hata kimoja. Alitoka chumbani, akauliza kama wageni wameondoka, akaambiwa wameondoka. Akapika. Akaosha vyombo. Kesho yake akafagia, akashona, akala, akalala. Nilimchunguza wiki nzima na kila alichokifanya kilisemeka kwa neno la darasa la kwanza. Hakumwuliza Bibi, hakumwuliza kaka yake, na wao kwa heshima hawakumwuliza yeye, maana walidhani wamemwokoa. Ijumaa ilipita, Rashidi hakuja, na cherehani ililia sauti ya mapazia kutwa nzima. Jumapili nilikaa katikati ya magoti yake anisuke. Nilijitikisa. Kitana hakikunigonga. Nikajitikisa tena, kwa makusudi, kwa nguvu, mpaka mstari ukapinda. Aliufumua, akausuka upya. Niliogopa kuliko radi yoyote.

Upande wa pili Bibi alikuwa anakufa kwa njaa ya hadithi. Ijumaa mbili bila gazeti zilimfanya agombane na kuku. Ya tatu aliita kama kawaida, "Mke mwenza, huna hata kipande?" nami nikaingia jikoni, nikachukua gazeti lililofungiwa dagaa, nikakaa mkekani. Nilikuwa na mpango, kama unaweza kuuita mpango. Nikaanza kusoma kisichokuwapo. Nikasema Rehema ana dada, na huyo dada ameletewa posa, na kuna mtoto mmoja ametumwa kumtazama. Nikaeleza jinsi huyo dada alivyosimamisha kazi yake, akauma uzi, akajitanda kanga, akageukia ukutani, akacheka mpaka mabega yakamcheza. Halafu yule mtoto akatoka. Hapo nikaacha kusoma. Mama Chausiku akasema, "Enhe, akatoka, ikawaje?" Bibi alikuwa ametulia, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Rudia pale kwenye kanga," akasema. "Alijitanda au alijigubika?"

"Alijitanda, Bibi."

"Kule barazani ulisema alijigubika."

"Nilisema."

"Na meno?"

"Aliuma uzi tu, Bibi."

Mama Chausiku akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Mbona siwaelewi? Nyie mnasoma gazeti gani?" Bibi akanyoosha mkono, akalichukua gazeti, akalinusa. "La dagaa," akasema. Nililia kwa sauti ambayo naweza kuipa vitenzi vyote vya kilio vilivyomo kwenye kamusi na bado visitoshe. Nilijua sasa hivi nachapwa, na nilitaka kuchapwa. Bibi hakunichapa. Aliuliza kitu ambacho sikukitarajia: kandambili ya Hamadi iko wapi.

Maana tatizo halikuwa dogo. Upande wa mwanamke hauwezi kutoka kwenda kuomba posa irudi. Haijawahi kutokea, na Bibi hakutaka iwe yeye wa kwanza. Lakini mtu akichukua kiatu cha mwenzake kwa bahati mbaya, kukifuata kiatu ni jambo la kawaida kabisa. Jumamosi hiyo tulikwenda Kibamba kwa Mzee Mbwana, Bibi akiwa na baibui lake la Idi, mimi nikiwa nimebeba kandambili moja, ile ya Mzee Mbwana aliyoondoka nayo mjomba, ndani ya mfuko mweusi kwa uangalifu wote. Tulikaribishwa. Tulikunywa chai. Viatu vilibadilishwa kwa heshima kubwa, kila upande ukiomba radhi. Ndipo Bibi, akiwa tayari amenyanyuka nusu kama anayeaga, akasema, "Sasa kwa kuwa tupo, mtoto huyu ana maneno yake aliyasahau siku ile."

Mzee Mbwana hakuwa mtu wa kuchezewa. Alinihoji kama mahakamani. Nikarudia kila tendo kwa jina lake halali: alisimamisha, akauma, akajitanda, akageuka, akacheka. "Na machozi yaliyochuruzika?" Nikasema lilikuwa chozi moja, na liliponyoka. "Liliponyoka huku anacheka au kabla?" Huku anacheka, mzee. "Na kwa nini ulisema vile?" Nikasema kwa sababu nilitaka mama mdogo abaki na mimi, na nikaanza kulia tena, safari hii kimya kimya kwa sababu ya ugeni. Nyuma ya pazia la mlango mtu alicheka, akaziba mdomo, akashindwa, akacheka tena. Alikuwa Rashidi. Mzee Mbwana alijitahidi kubaki mkali. "Mtoto huyu," akamwambia Bibi, "akikua atakuwa hakimu au mwizi." Nimekuwa mwandishi wa hadithi, na wapo wanaosema alikosea kidogo tu.

Kitambaa cheupe kilirudi Tandika wiki iliyofuata na safari hii kilifunguliwa. Mama Chausiku alipiga vigelegele vya siku mbili, vya leo na vile alivyodaiwa. Mama mdogo alipoelezwa yote alinishika sikio, akalizungusha mpaka nikasimama kwa vidole. "We mtoto! Ulitaka nizeekee hapa na cherehani?" Kisha akanivuta kifuani, na Jumapili kitana kilinigonga mara nne. Bibi naye alinipa adhabu yake: hadithi nzima ya Daktari Sudi niisome upya, tangu mwanzo, kwa maneno ya mwandishi mwenyewe, bila kuongeza chumvi. Nilisoma Ijumaa mbili. Daktari aliingia, alitazama, alichukua, alitabasamu. Ya tatu Mama Chausiku alirudisha jiko lake mahali pake akisema kama ni hivyo, kuliko huyu bora yule mshenzi wetu.

Harusi ilikuwa baada ya mfungo. Siku ya mama mdogo kuondoka, gari lilisimama mtaani, shangwe imejaa, na Bibi alikuwa amekaa mlangoni akitazama kelele asizoziona. Mama mdogo alimbusu mikono, akanibusu mimi, akaingia garini. Nilisimama kwenye ngazi nikingoja ageuke. Gari likaondoka. Nilitazama kisogo chake kwenye kioo cha nyuma, na maua kichwani, mpaka wakapinda kona, na hakugeuka. Hata kidogo. Nikajiambia ametusahau kabla hata hajafika barabarani. Bibi akanishika mkono. "Aligeuka?" akauliza. Nilikuwa nimeapa kwa Mzee Mbwana na kwa msahafu kwamba sitapindisha tena. Nikamtazama Bibi yangu, nikasema, "Aligeuka, Bibi. Akapunga mkono." Akauliza kama alikuwa anacheka. Nikasema anacheka. "Haya," akasema polepole. "Moyo wake mwepesi, basi." Akaingia ndani, na chai aliyoandaliwa hakuigusa. Nilidhani amechoka.

Siku hizi Kibamba iko karibu tu. Mji umeifikia na kuipita. Binti wa kwanza wa mama mdogo aliposwa mwaka juzi kwa ujumbe wa simu, na jibu lake lilikuwa kikatuni cha mwanamke anayecheza na mioyo mitatu. Hakuna aliyetumwa chumbani kumtazama. Sisemi ni vibaya. Posa yake haikupita kwenye mdomo wa mtoto mwenye wivu. Na mimi na mama mdogo tunaonana kwenye simu, uso kwa uso, kila wiki, ananiona nimenenepa na kuniambia bila huruma. Kwenye warsha vijana wakiniuliza nilijifunzia wapi kuandika, huwasimulia habari ya posa, wanacheka, nami huishia hapo. Ile habari ya gari sikuwahi kuisimulia.

Idi iliyopita nilikwenda kwa mama mdogo, tukiwa jikoni wawili tunachambua mchele, nikaona nimwambie, nikijua itamchekesha: kwamba siku ile alipoondoka nilimdanganya Bibi, nikasema amegeuka akapunga na kucheka, kumbe wala hakugeuka. Nilianza kucheka mimi. Mama mdogo hakucheka. Aliweka ungo chini.

"Ulimwambia nimegeuka?"

"Nilimwambia. Ili afurahi."

"Tumu," akasema, "mie ningegeuka ningeshuka."

Nikakumbuka chai ile. Bibi, ambaye alijua tofauti ya kukaa na kujibwaga, alikuwa ameniuliza swali moja tu, na alikuwa tayari ana jibu alilolitaka: hapana, hakugeuka. Angelisikia hilo angejua binti yake ameondoka akiumia kama yeye. Mimi, kwa kumhurumia, nikampa binti mwenye moyo mwepesi anayepunga mkono, akaingia naye ndani, akaishi naye miaka yake yote iliyobaki. Bibi hayupo tena. Mara ya kwanza nilipotoa taarifa mbaya ilirekebishika, kwa safari ya Kibamba na kandambili moja. Hii ya pili ninayo mpaka leo, imenyooka, kila neno mahali pake, na sina wa kumpelekea.